Kuchagua upande katika Fallout: New Vegas: yanayosemwa na yalivyo

Gemu hii ya Obsidian ilitoka Oktoba 2010, na swali la wachezaji wapya halijabadilika: niende na nani? Ndani ya gemu mwaka ni 2281, jangwa la Mojave, na kila mwenye nguvu analitaka bwawa la Hoover pamoja na jiji la Vegas. Njia kuu ni nne. Ya kwanza ni NCR, yaani Jamhuri Mpya ya California. Ya pili ni Legion ya Caesar, jeshi la watumwa linaloiga Roma ya kale, na ya tatu ni Mr. House, mwenye jiji. Ya nne ni Vegas huru, ambayo unaisimamia wewe mwenyewe ukisaidiwa na roboti aitwaye Yes Man.

Wengi wanaoharibikiwa hawakukosea kuchagua. Walichagua bila kujua, kwa kitendo walichokiona kidogo, huku wakiogopa vitendo ambavyo havikuwa na uzito wowote. Hapa tunazichukua dhana zinazorudiwa sana, moja baada ya nyingine.

“Ukishafanya misheni ya kundi moja, umeshajifunga”

Si kweli, na dhana hii ndiyo inayowanyima watu uhondo zaidi. Kuanzia Goodsprings, kijiji unakoanzia, mpaka unaingia Strip, mtaa wa kasino wa Vegas, hujafungwa popote. Hata baada ya hapo, mhusika mmoja anaweza kumsikiliza House ndani ya Lucky 38, kasino yake, kwenda kwa balozi Crocker kwenye ubalozi wa NCR, kupanda mashua ya Cottonwood Cove hadi kwa Caesar, na kupanga mambo na Yes Man. Mambo hayo manne yanaweza kuendelea sambamba kwa muda mrefu.

Kinachofunga mlango ni maonyo mawili yanayojitokeza kama misheni: “Don't Tread on the Bear!” kwa upande wa NCR na “Beware the Wrath of Caesar!” kwa upande wa Legion. Ukiona mojawapo, gemu inakuambia kwamba hatua inayofuata kwa mpinzani wao itakufanya adui yao. Usilipite onyo hilo kwa haraka. Sevu faili jipya, usiandike juu ya la zamani, kisha rudi ukamalize kazi zote za kundi hilo ulizoziacha kiporo. Baada ya kuvuka, watoaji wa kazi hizo watakupokea kwa risasi.

House hana onyo la namna hiyo. Ukimuua au ukimtenganisha na mitambo yake, njia yake imekufa pale pale.

“Kwenda kwa Caesar ni kujiunga na Legion”

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye uamuzi mzito kuliko yote ya katikati ya gemu, na watu hulikwepa eneo lenyewe kwa woga.

Ngome ya Caesar, inayoitwa The Fort, iko juu ya kilima ng'ambo ya mto. Langoni unanyang'anywa silaha. Zile ndogo za kufichika zinaweza kupita, na ustadi wako wa Sneak (kunyemelea) ukifika 50 unaweza kupitisha hata kubwa kidogo kuliko hizo. Caesar anakutaka ushuke kwenye handaki lililo chini ya kituo cha hali ya hewa, ukaangamize chochote utakachokikuta huko. Kinachofungua handaki ni ile Platinum Chip ambayo Benny, bosi wa kasino, alikupiga risasi mwanzoni mwa gemu ili aichukue.

Chini kuna jeshi la roboti aina ya Securitron, limehifadhiwa kwa maagizo ya House. Una njia mbili: kuwaangamiza kama Caesar alivyoagiza, au kutumia chip ile kuwapa programu mpya inayowafungulia silaha nzito. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba njia yoyote utakayoichukua, ardhi ya juu hutikisika, na Caesar huridhika kwamba kazi yake imefanyika. Unaweza kuwaboresha roboti wote, ukapanda juu, ukapokea shukrani zake na kuondoka salama.

Kwa hiyo kwenda The Fort hakukufungi na Legion. Kilicho na uzito ni ulichokifanya chini. Jeshi likiboreshwa, House atalitumia, na ukimwondoa House baadaye, Yes Man atalirithi. Likiangamizwa, bado unaweza kuipata Vegas huru, lakini bila nguvu ya kulinda barabara, na simulizi ya mwisho wa gemu itakuonyesha vurugu zilizofuata. Kama hujaamua bado, boresha. Uamuzi huo unakuachia milango mingi zaidi.

“Nikiwakosea, nitawafanyia mema wasahau”

Gemu haifanyi kutoa na kujumlisha. Kila kundi lina madaftari mawili juu yako, moja la sifa njema na jingine la sifa mbaya, na kila moja linajazwa peke yake. Wema wako haufuti mstari hata mmoja wa daftari la ubaya.

Chukua mfano wa Goodsprings. Ukiwasaidia wanakijiji dhidi ya Joe Cobb wa Powder Gangers, genge la wafungwa waliotoroka, daftari lao la ubaya linaanza kujaa. Halafu unaenda gerezani NCRCF, unamfanyia kazi Eddie, kiongozi wao. Daftari la wema nalo linajaa, lakini hurudi kuwa mtu wa kawaida kwao: unapewa hadhi ya mchanganyiko. Yote mawili yakijaa kabisa, utaitwa “Wild Child”, yaani mtu asiyetabirika. Ile hadhi ya juu, “Idolized”, wanayoipata wanaopendwa kwa moyo mmoja, haipatikani kwa mwenye daftari chafu.

Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni kujilinda na ubaya mapema kuliko kukimbizana na wema baadaye. Kinachoandikwa kwa kawaida ni kile kilichoonekana, hivyo ukipiga bunduki katikati ya kambi mbele ya watu, umejiandikia mwenyewe.

“Nimemuua Vulpes pale Nipton, basi Legion imeniponyoka”

Wachezaji wengi humuua Vulpes Inculta, jasusi wa Legion, wanapokutana naye Nipton, mji ulioteketezwa kwa bahati nasibu ya kikatili, na kwa haki kabisa, maana kinachoonekana pale hakivumiliki. Baada ya hapo wauaji wa Legion huanza kuwaandama jangwani.

Lakini msamaha upo. Ukishamalizana na Benny na kutoka nje ya kasino ya The Tops, mjumbe wa Caesar hukusubiri Strip akiwa amevaa kiraia. Kama Vulpes yu hai, ni yeye; kama ulishamuua, anakuja mwingine aitwaye Alerio. Anakupa medali ya Caesar, na daftari lako la ubaya kwa Legion linafutwa. NCR nao wana msamaha wao: ukitoka Lucky 38 baada ya kuonana na House, mjumbe anakuita kwa balozi Crocker, na makosa ya nyuma yanasamehewa.

Msamaha huo ni wa mara moja. Ukikosea tena baada ya hapo, hakuna wa kukufutia. Ndiyo maana sevu ya muhimu kuliko nyingine zote ni ile ya ndani ya The Tops, kabla hujafungua mlango wa kutokea.

“Nguo ni nguo tu”

Umeokota deraya ya askari wa NCR, ina kinga nzuri kuliko uliyonayo, ukaivaa. Dakika chache baadaye Legion wanakufyatulia risasi, nawe huelewi kwa nini. Ujumbe ulipita pembeni ya skrini ulipoivaa: unatambuliwa sasa kama mtu wa kundi hilo. Sare ikiwa mwilini, sifa zako mwenyewe huwekwa kando, na maadui wa sare hiyo wanakuwa maadui zako.

Ukijua hilo, sare inageuka kuwa chombo cha kazi. Kuingia Strip kwa lango la Freeside, mtaa wa maskini ulio nje yake, kunahitaji uonyeshe kepsi 2,000 (vifuniko vya chupa, ndivyo pesa ya gemu hii), na mwanzoni ni wachache walio nazo. Lakini kutoka Camp McCarran kuna treni inayoingia moja kwa moja, na mwenye sare ya NCR anaweza kuipanda. Angalizo moja: mbwa wa ulinzi na baadhi ya maofisa hawadanganyiki kwa sare. Wapitie mbali.

“Karma mbaya itanifukuzisha NCR”

Karma, yaani alama ya wema au ubaya wako kwa jumla, ni kitu kimoja, sifa kwa makundi ni kitu kingine. Ukiiba kwenye kambi ya Legion karma inashuka, ijapokuwa NCR wangekupongeza. Ambaye karma inamgusa kweli ni Cass, mmoja wa wenzako wa safari: ikiwa mbaya atakuonya, na usiposikia ataondoka. Katika kuchagua upande, usiitie karma kwenye hesabu.

“Wenzako watakufuata popote”

Boone wa Novac hufyatua risasi akiona tu nguo nyekundu ya Legion. Ukishuka naye Cottonwood Cove wakati unatafuta mazungumzo, vita vimeanza kabla hujafungua mdomo. Veronica ni mtoto wa Brotherhood of Steel, kundi linalohodhi teknolojia ya zamani, na ukilipua handaki lao la Hidden Valley, umempoteza. Ukishaonana na House, unapata chumba ndani ya Lucky 38. Waache humo wenzako unapokwenda mahali wasipopatana napo, kisha uwarudie.

Hapo kwa Brotherhood ndipo tofauti ya pande inapoonekana vizuri. House anawataka wafutwe, na hakuna maneno yatakayombadilisha. NCR nao wanaanza hivyo hivyo, ila mapatano yanawezekana ukimaliza kwanza misheni ya “Still in the Dark”, na njia ya uhakika ni kumwacha mzee McNamara katika uongozi. Ukiwa na Yes Man, unaweza kuwaacha tu waendelee na maisha yao. Kwa anayempenda Veronica, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutomfuata House.

“NCR ndio wema, basi nitii tu amri”

Kanali Moore wa bwawa la Hoover hutoa amri za bunduki. Ukizitii zote, NCR watashinda huku Freeside na majirani wake wakiwa wamefunikwa na makaburi. Kwa The Kings, genge la Freeside, nenda kwa Crocker ubalozini umuulize njia nyingine: ipo, ingawa Moore hataifurahia. Great Khans, kabila la wavamizi, nao wanaweza kuvunja urafiki wao na Legion kwa mazungumzo kule Red Rock Canyon, usipokimbilia kuwaua. Kwa maoni yetu, ushindi wa NCR unaostahili kutazamwa hadi mwisho ni ule wa mchezaji aliyembishia Moore kila nafasi ilipopatikana. Ni kazi ndefu zaidi, na inalipa.

“Nimeshawakosea wote, gemu imeisha”

Hapana. Yes Man yupo kwa ajili hiyo. Hafi moja kwa moja: ukiharibu mwili wake, anarudi katika Securitron nyingine. Utamkuta ghorofa ya 13 ya The Tops, kwenye karakana iliyo nyuma ya chumba cha Benny. Hata kama umewaua viongozi wote, yeye atakupokea.

“Nikimuua Caesar, Legion imekwisha”

Legate Lanius, jemadari wa Legion, anachukua nafasi yake, na bwawani watakuja vile vile. Kumwondoa Lanius kwa maneno kunawezekana, lakini andaa Speech (ushawishi) au Barter (biashara) ya 100. Kwa ustadi wa chini ya hapo, andaa silaha.

“Nitamaliza hadithi kuu, kisha nizurure”

Gemu inaishia kwenye vita vya bwawa. Simulizi ya mwisho ikipita, hakuna kurudi Mojave isipokuwa kwa sevu ya nyuma. Kwa hiyo nyongeza zote nne za hadithi zichezwe kabla: Dead Money, Honest Hearts, Old World Blues na Lonesome Road. Kila moja inaongeza levo 5 kwenye kikomo, kutoka 30 hadi 50, na levo hizo zitakusaidia kufikia ustadi ule wa kumkabili Lanius.

Lonesome Road ina mtego wake. Mwishoni unaweza kuelekeza makombora ya nyuklia kwa NCR, kwa Legion, kwa wote wawili au kwa hakuna. Ukiipiga NCR kwa udadisi tu, kisha ukarudi Mojave kumalizia misheni ya NCR ya “For the Republic”, utakuta askari wao wanakutafuta kwa bunduki, na msamaha wa Crocker ulishautumia zamani. Sevu kabla ya kugusa kompyuta ile ya mwisho, na faili hilo liweke mbali na yale ya kila siku.