Je, wajua kwa nini ukitafuta kaa unaletewa mkaa?

Mteja wa Nyali anafungua duka la mtandaoni, anaandika "kaa" akitaka wale wa kupika kwa tui, na cha kwanza anacholetewa ni gunia la mkaa. Kosa si la mteja, wala si la aliyepanga orodha ya bidhaa. Liko kwenye mstari mmoja wa msimbo ambao wengi wanaojifunza Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, huanza nao:

`Bidhaa.objects.filter(jina__icontains="kaa")`

ORM, yaani maktaba inayokuwezesha kuiuliza hifadhidata kwa Python badala ya SQL, huugeuza mstari huo kuwa `UPPER(jina) LIKE UPPER('%kaa%')`, ili herufi kubwa na ndogo zihesabiwe sawa. Hifadhidata, hapa PostgreSQL, basi hutafuta herufi hizo tatu zikifuatana, popote zilipo. Haijali neno limeanzia wapi. Ndiyo maana anayetafuta dawa huletewa pia dawati. Tena ile alama ya % iliyotangulia huifanya indeksi ya kawaida (faharasa inayoharakisha utafutaji) isifae kitu, hivyo jedwali zima husomwa mstari kwa mstari. Kwa bidhaa mia tano hutahisi. Kwa laki tano utahisi.

Kinachotakiwa ni utafutaji wa maneno kamili, ambao PostgreSQL inao ndani yake tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008. `to_tsvector` huyakata maandishi kuwa orodha ya maneno iitwayo vekta, `tsquery` hubeba swali, na alama `@@` huvilinganisha. Django ilileta vifaa vyake katika toleo la 1.10, ndani ya `django.contrib.postgres`:

```
vekta = SearchVector("jina", "maelezo", config="simple")
swali = SearchQuery("kaa", config="simple")
Bidhaa.objects.annotate(v=vekta).filter(v=swali)
```

Usiliache neno `config`, linalotaja kanuni za kuyashughulikia maneno, na liwe lile lile pande zote mbili. Kanuni za `simple` huyaacha maneno yalivyo, ila huyaweka katika herufi ndogo. Mara nyingi hifadhidata huwa imewekewa kanuni za Kiingereza, ambazo hukata mikia ya maneno na kutupa maneno madogo ya lugha hiyo. Chini ya kanuni hizo "embe" huhifadhiwa kama "emb". Ukiliuliza kwa `simple`, embe halitapatikana kamwe, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaouona. Mji wa Same, kule Kilimanjaro, hutupwa kabisa, kwa sababu jina lake linafanana na neno lililomo katika orodha ya Kiingereza ya maneno ya kuachwa. Anayeuza tiketi za basi azingatie hilo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapodai kazi ya ziada. Maneno yetu hubadilika kichwani: kikapu na vikapu, mkeka na mikeka, tunda na matunda. PostgreSQL haiji na kamusi ya Kiswahili, na `simple` huona kikapu na vikapu kuwa vitu viwili visivyohusiana. Unaweza kuandika faili ya visawe na kuiweka kwenye diski ya seva, lakini huduma nyingi za hifadhidata za kukodi hazikuruhusu kufika huko. Njia ninayoipendekeza ni kulipanua swali lenyewe, kwa kuwa `SearchQuery` huunganishwa kwa alama ya "au":

`SearchQuery("kikapu", config="simple") | SearchQuery("vikapu", config="simple")`

Andika fomula fupi inayopokea neno na kurudisha sura zake: ki- iwe vi-, ch- iwe vy- (chombo, vyombo), m- iwe mi-, na ma- iondolewe au iongezwe. Sura isiyokuwepo duniani haidhuru, maana hailingani na chochote. Inayodhuru ni ile iliyopo kwa maana nyingine. Ukiongeza ma- kwenye kaa unapata makaa, na gunia lililoandikwa "makaa" limerudi juu ya orodha! Kwa hiyo tangulia na orodha ya maneno yasiyobadilika, kama vile kaa, pweza, kamba, changu na nguru, na fomula iishie hapo inapolikuta mojawapo. Jino na meno, jicho na macho, yaandikie jedwali lake. Hakuna kanuni rahisi itakayoyafikia. Na usiondoe ma- pale ambapo kinachobaki ni herufi mbili: maji si wingi wa ji.

Kwenye SQLAlchemy, ORM nyingine ya Python, sharti lile lile huandikwa hivi:

`Bidhaa.vekta.op("@@")(func.websearch_to_tsquery("simple", neno))`

`websearch_to_tsquery`, iliyoanza na PostgreSQL 11, huvumilia chochote anachoandika mteja. `to_tsquery` haivumilii: maneno mawili yenye nafasi katikati, bila alama ya kuyaunganisha, huleta kosa la sintaksia. Neno la mteja lipitishe kama kigezo. Usilibandike ndani ya maandishi ya SQL, kwani hapo ndipo wadukuzi huingilia.

Mwisho, vekta usiikokotoe kila swali linapoulizwa. Ihifadhi kwenye safu yake (PostgreSQL 12 na kuendelea huweza kuijaza yenyewe) na uiwekee indeksi ya GIN, aina inayofaa kutafuta neno ndani ya vekta. Andika `to_tsvector('simple', jina)`. Ukiacha jina la kanuni, PostgreSQL huikataa safu hiyo, maana matokeo yangetegemea mpangilio unaoweza kubadilishwa wakati wowote. Kisha pima kwa `EXPLAIN`, amri inayoonyesha njia ambayo PostgreSQL italitekeleza swali. Kwenye jedwali dogo utaona `Seq Scan`, yaani kusoma jedwali zima, hata indeksi ikiwepo, kwa sababu kusoma mistari michache yote ni nafuu zaidi. Pima tena kwa data ya ukubwa halisi.