Sehemu ya tatu niliyokupa ndiyo yenyewe

Wiki iliyopita kijana mmoja alinirudishia diski ya Halloween III: Season of the Witch akiwa amenuna. "Dada, umenipa siyo. Michael hayumo kabisa." Alimkusudia Michael Myers, yule muuaji mwenye kinyago wa filamu za Halloween. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo. Akanitazama kama mtu aliyepunjwa kwenye mizani ya samaki.

Nakodisha filamu hapa Chake Chake tangu baba aliponiachia duka, enzi za kanda, na lalamiko hili nimelisikia mpaka nimechoka. Asili yake ni imani moja: kwamba filamu za kutisha zenye sehemu nyingi ni tamthilia, hadithi moja iliyokatwa vipande, na namba ya kwenye jalada ndiyo inayokuonesha njia. Ndani ya imani hiyo mna nyengine inayoniudhi zaidi: kwamba sehemu ya kwanza ndiyo tui zito, na zote zinazofuata ni nazi iliyokwisha kukamuliwa.

Tuanze na hiyo ya tatu. John Carpenter na Debra Hill, waliotengeneza Halloween ya 1978, waliona habari ya Michael Myers imekwisha katika ya pili, ya 1981. Wakataka jina libaki lakini kila filamu ilete hadithi yake mpya ya usiku wa Halloween, sikukuu ya vinyago na vitisho kule Marekani. Ndiyo maana ya 1982 inahusu kiwanda cha vinyago vya watoto, na Michael hayumo. Filamu ya 1978 inaonekana humo kwenye televisheni tu, kama filamu ya kawaida wanayoitazama watu wengine. Wenyewe wamekwambia wazi kwamba hii si hadithi ile! Watazamaji waliikataa, na mwaka 1988 Michael akarudishwa. Leo ukiitazama bila kumsubiri Michael, utakuta filamu yenye ukatili wa kweli, yenye mwisho ambao watengenezaji wengi wasingethubutu.

Sisi watu wa visiwani tuna haki ndogo kuliko wengine ya kukosea jambo hili, kwa sababu tumelelewa na hadithi za Abunuwasi. Leo bibi anakuhadithia Abunuwasi kafa na kazikwa, kesho usiku Abunuwasi yumo ndani ya nyumba ya mfalme anamchezea shere. Nani aliyewahi kumuuliza bibi hii ni sehemu ya ngapi? Hata vitisho vyetu vyenyewe ndivyo vilivyo. Popobawa, lile jini linalosemwa kuvamia watu usiku, alipoitikisa Pemba mwaka 1995, habari zikavuka mpaka Unguja na Dar es Salaam, nilikuwa bado skuli. Tulilala nje, wakubwa wameuzunguka moto. Kila aliyesimulia alikuwa na Popobawa wake, na maelezo ya mtu wa mtaa wa pili hayakupatana na ya kwetu, lakini tuliogopa yote mawili. Alipozuka tena vinywani mwa watu mwaka 2007, hakuna aliyesema hii hailingani na ile ya kwanza.

Michael, Jason wa Friday the 13th na Freddy wa A Nightmare on Elm Street ni watu wa namna hiyo, na kila filamu ni usiku mmoja wa msimulizi mmoja.

Sasa nieleze hii ya Halloween vizuri, kwa sababu ndiyo inayoleta ugomvi mkubwa dukani. Filamu ziko 13. Mtu anataka "zote kwa mpangilio". Mpangilio upi? Chukua Laurie, msichana aliyenusurika 1978. Katika ya 1981 anakuwa dada yake Michael. Katika ile ya nne, ya 1988, tunaambiwa amekwisha kufa, na mtoto wake ndiye anayewindwa. Halafu ya 1998, Halloween H20, yu hai, ana mtoto wa kiume, na ile ya nne, ya tano na ya sita zimefutwa kana kwamba hazikutengenezwa. Mwaka 2002 anauawa, na safari hii tunamwona akifa kwa macho yetu. Kisha 2018 yupo, ni bibi mwenye bunduki, na si dada wa Michael tena, kwa kuwa filamu hiyo imefuta kila kitu isipokuwa ya 1978. Na sijazigusa mbili za Rob Zombie, za 2007 na 2009, ambazo zimeanza upya kabisa. Ukizipanga kwa namba na kuzitazama kama tamthilia, utaumwa kichwa bure, kisha utasema waandishi wamechanganyikiwa. Hawakuchanganyikiwa. Kila mmoja alichagua ni zipi za nyuma anazikubali na zipi anaziacha, kama mpishi aliyekuta jiko la mwenziwe.

Wajapani walifika mbali zaidi. Mwezi Januari 1998 walitoa Ringu na muendelezo wake, Rasen, siku moja, waongozaji tofauti. Ringu ikavuma, Rasen ikaanguka. Mwaka uliofuata wakatengeneza Ringu 2 kana kwamba Rasen haijazaliwa. Kuna sehemu ya pili mbili, chagua yako.

Kuhusu "ya kwanza ndiyo bora". Wengi wanaoniambia hivyo kuhusu Friday the 13th huwa hawajaitazama ya kwanza, na najua kwa sababu wanamsifia Jason. Katika ya 1980 muuaji ni mama yake. Jason anashika kazi mwaka 1981 akiwa amejifunika gunia kichwani, na kile kinyago cha mchezo wa magongo anachojulikana nacho anakipata katika ya tatu, ya 1982. Kwa hiyo unayempenda ametengenezwa na hizo hizo sehemu unazoziita takataka.

Wapo wanaosema muendelezo wote ni tamaa ya pesa. Kuna mahali wanasema kweli. Hellraiser: Deader ya 2005 ilianza kama mswada wa filamu nyengine, ndipo Pinhead, yule muovu wa Hellraiser mwenye misumari kichwani, akachomekwa ndani, na mshono unaonekana. Revelations ya 2011 ilitengenezwa haraka ili haki za jina zisiwapotee, na Doug Bradley, aliyeucheza uhusika ule miaka yote, hakukubali kurudi. Hizo sizitetei. Lakini studio ilitaka pesa vile vile mwaka 1935 ilipomrudisha James Whale kutengeneza Bride of Frankenstein, na ile imeipita ya 1931 kwa mbali. Tamaa ya mwenye duka haikwambii chochote kuhusu mkono wa fundi.

Mimi naangalia jambo moja: filamu hii imeiongeza nini hofu ile, na imeijengaje. A Nightmare on Elm Street ya Wes Craven, 1984, ina wazo moja zito, kwamba ukilala Freddy anakuua ndotoni. Ya tatu, ya 1987, inawachukua watoto wenye ndoto hizo na kuwalaza hospitali, ambako wakubwa wanaotaka kuwasaidia ndio wanaotaka kuwapa dawa walale. Hofu ni ile ile, lakini sasa mlango umefungwa kwa nje.

Au tazama The Exorcist III ya 1990. Ya pili, ya 1977, siwezi kuitetea, nimejaribu mara nne. Hii ya tatu aliiandika na kuiongoza William Peter Blatty mwenyewe, mwandishi wa kitabu cha mwanzo. Kuna ukorido wa hospitali usiku. Kamera imewekwa mbali mwishoni na haisogei. Muuguzi anaingia chumba hiki, anatoka. Mlinzi anapita. Hakuna muziki wa kukutayarisha. Muda unakwenda, unaanza kutazama pembe za picha mwenyewe, unatafuta, jicho linachoka, linatulia. Hapo ndipo. Nilipoionesha uani kwetu, projekta na shuka ukutani, watu kama ishirini mikekani, mama mmoja mtu mzima alimwaga kahawa yote kwenye mkeka na hakuna aliyemcheka, kwa sababu kila mtu alikuwa amemshika wa jirani yake. Unaweza kuitazama bila kuijua ya pili kabisa.

Saw ndiyo inayonisumbua. Zilitoka kila mwaka kuanzia 2004 hadi 2010, John Kramer, muuaji wa filamu hizo, anakufa katika ya tatu lakini hadithi haimwachi, ya nne inatokea wakati mmoja na ya tatu, na Saw X ya 2023 inarudi kukaa kati ya kwanza na ya pili. Hii kweli ni tamthilia. Ukianza katikati umepotea, na mimi hukodisha zote kwa mpangilio wa kutoka kwake. Kipimo changu cha usiku mmoja kinagoma hapa, maana ya tano peke yake ni dhaifu, lakini ndani ya mnyororo inafanya kazi yake. Sijaamua bado.

Na kuna shaka kubwa zaidi. Kanda nyingi za utotoni mwangu zilikuwa za kutafsiriwa, sauti ya mtu inasema juu ya sauti za wachezaji, anawapa majina yake, anakutahadharisha kabla adui hajatokea. Freddy wa tatu nilimwona kabla ya Freddy wa kwanza, kwa sauti ile. Ninapoisifu ya tatu hivi leo, naisifu filamu, au namsifu yule mtafsiri na usiku ule sebuleni kwa shangazi, Wete? Nimeitazama upya mara nyingi bila tafsiri na bado naiweka juu, ila siwezi kuapa.

Kijana wangu ameondoka tena na ile ile ya 1982. Nimemwomba aitazame taa zimezimwa, simu iko mbali, na amsahau Michael kwa saa moja na nusu. Wengine mkija kuulizia Halloween, msiniambie namba. Niambieni mnamtaka Laurie yupi.