Je, wajua kwa nini gia ya gari auto inagoma kutoka P?

Umewasha gari asubuhi pale Nkuhungu, Dodoma, injini inanguruma vizuri tu, ukivuta gia itoke P, ile ya kupaki, haitoki, umebonyeza kitufe chake mpaka kidole kinauma, na jirani keshakwambia hapo gia boksi imekufa andaa hela. Subiri kwanza. Mara nyingi gia boksi wala haihusiki, kaangalie taa za breki.

Iko hivi, gari auto nyingi zina kufuli ndogo ya umeme pale chini ya gia, mafundi wanaiita shift lock, na haifunguki mpaka swichi ya ufunguo iwe ON na uwe umekanyaga breki. Sasa gari inajuaje umekanyaga? Kuna kaswichi juu ya pedeli, hakohako kanakowasha taa za breki, kakifa au fyuzi yake ikiungua, ambayo kwenye Toyota nyingi imeandikwa STOP, taa haziwaki na gia nayo inabaki palepale. Kwa hiyo mtu asimame nyuma ya gari, wewe kanyaga. Haziwaki? Anza na fyuzi, halafu hako kaswichi. Zinawaka? Sikiliza kwenye gia wakati unakanyaga, ukisikia kamlio ka "tik" basi umeme wa kufuli unafika, hapo shuku kitufe cha gia chenyewe au uchafu, na uchafu sisi tunao, vumbi la Dodoma mnalijua, halafu mtu anaweka chupa ya juisi ya zabibu hapo katikati inamwagikia humohumo, ikikauka ni gundi.

Kufuli yenyewe ina historia. Miaka ya 1980 kule Marekani watu walilalamika sana kwamba Audi 5000 zinaondoka zenyewe kwa kasi, serikali yao ikachunguza na ripoti ya 1989 ikaonyesha kumbe mara nyingi dereva alikuwa anakanyaga mafuta akidhani ni breki. Ndiyo maana ya kukulazimisha ushike breki kabla hujatoa P, na kuanzia Septemba 2010 Marekani wakaiweka kabisa kwenye sheria kwa magari mapya.

Ukikwama na lazima uondoke, pembeni ya gia kuna kitufe kimeandikwa SHIFT LOCK, au kifuniko kidogo cha plastiki unakibandua unakuta katundu. Vuta hendibreki kwanza, kanyaga breki, bonyeza hapo kwa ufunguo au bisibisi huku unavuta gia, inatoka. Ila kama taa za breki ndo zimekufa hiyo ni ya kukufikisha gereji tu, usithubutu kushika nayo barabara ya Morogoro, semi iliyo nyuma yako haitajua umepunguza mwendo.

Kuna wengine gia inagoma wakipaki mlimani tu, mfano kule UDOM. Hapo hakuna kilichoharibika, uzito wote wa gari umelalia kile chuma kinachozuia gia boksi isizunguke ukiwa P. Ukipaki shika breki, vuta hendibreki, ndo uweke P.

Wa manyuo na nyie, gia zikigoma kuingia, zima gari ujaribu tena. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa lakini ukiwasha zinakataa, klachi haiachii, kwa hiyo angalia kikopo cha mafuta ya klachi kama yamepungua, sehemu inayovuja au hewa iliyoingia, na kama ni ya kebo inaweza kuwa imelegea tu. Zikikataa hata gari ikiwa imezimwa, tatizo liko kwenye kebo za gia, bushi zake au ndani ya boksi kwenyewe, hapo mwachie fundi. Na kama ulikuta mafuta ya klachi yamepungua, ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi DOT 3 au DOT 4, usije ukamimina oili ya injini eti yote ni mafuta, inavimbisha raba zote za ndani na hapo utabadilisha master na slevu, yaani pampu ya juu na ya chini za klachi, kwa pamoja.