Misimamo ya Shirley Chisholm, 1968: alichoahidi na alichokuwa na uwezo nacho

Kila uchaguzi wa Bunge la Marekani unapokaribia, ndugu zetu waliopata uraia huko hunitumia misimamo ya wagombea wa majimbo yao na kuniuliza nimwonaje huyu au yule. Afya, uhamiaji, kodi, vita, elimu: kila mgombea ana orodha yake, na ukizisoma harakaharaka utadhani wote wanagombea urais. Kazi yangu ni kufundisha na kuandika kuhusu mabunge, na jibu langu ni moja kila mara. Kabla ya kujiuliza kama unakubaliana na mgombea, jiulize mbunge mmoja kati ya 435 ana nyenzo gani ya kulifikia jambo analolisema. Ni kura yake tu? Ni kamati anayoweza kukalia? Na wenzake 217 wa kutimiza wingi wa kura atawapata wapi?

Nikitaka kulieleza hilo vizuri, namchukua mgombea ambaye mambo yake yamekwisha, hivyo tunajua kila msimamo ulifika wapi. Namchukua Shirley Chisholm, na sifichi kwamba namheshimu sana.

Mwaka 1968 aligombea ubunge katika jimbo la uchaguzi la 12, Brooklyn, jijini New York, lenye kitovu chake Bedford-Stuyvesant. Mipaka ilikuwa imechorwa upya baada ya shauri mahakamani, kwa sababu hapo awali mtaa huo wa watu weusi ulikuwa umegawanywa vipandevipande na kumezwa na majimbo ya jirani. Chisholm alikuwa mwalimu wa watoto wadogo kwa taaluma, binti wa wahamiaji, baba akitoka Guiana ya Uingereza na mama Barbados. Mama yake alishona nguo na kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Shikilia hilo, maana linaeleza mengi ya baadaye.

Misimamo yake ilijulikana: nyumba bora, ajira, elimu, na kukomesha Vita vya Vietnam. Mpinzani wake mkuu Novemba ile alikuwa James Farmer, mmoja wa waasisi wa CORE, shirika la kupigania usawa wa rangi, na jina kubwa katika harakati za haki za raia, aliyesimama kwa tiketi ya Republican na ya chama cha Liberal. Na Farmer alisema nini kuhusu nyumba, ajira, elimu na Vietnam? Karibu yaleyale.

Hapa ndipo msomaji wa ilani anapokwama, na ndipo kazi ya kumpima mgombea inapoanza. Misimamo ikifanana, nenda kaangalie mtu amekwisha kufanya nini alipopewa nafasi. Chisholm alikuwa amekaa katika bunge la jimbo la New York tangu 1965. Huko alisukuma mpango wa SEEK, uliowafungulia vijana wa familia maskini milango ya vyuo vya umma vya jiji, na alipigania sheria iliyowapa wafanyakazi wa majumbani bima ya kukosa kazi. Yaani mambo mawili kati ya yale aliyokuwa akiyaahidi alikwisha kuyagusa kwa mkono wake, kwenye bunge dogo zaidi, akiwa mgeni.

Farmer hakuwa mkazi wa Brooklyn, na kampeni yake ilitegemea hoja kwamba watu weusi walihitaji sauti ya mwanamume kule Washington. Chisholm alijua hesabu ya daftari la wapiga kura: wanawake walioandikishwa katika jimbo lile walikuwa wengi kuliko wanaume. Akaenda kwenye vikundi vyao, akapita mitaani na gari la vipaza sauti, akazungumza Kihispania na Waportoriko. Katikati ya kampeni alifanyiwa upasuaji wa uvimbe, akarudi barabarani kabla ya muda aliotakiwa kupumzika. Kura zake zilizidi mara mbili ya za Farmer. Akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuingia katika Bunge la Marekani.

Sasa tuitazame misimamo yenyewe.

Vietnam kwanza. Machi 26, 1969, katika hotuba yake ya kwanza bungeni, alisema atapiga kura ya hapana kwa kila muswada wa fedha za Wizara ya Ulinzi mpaka vipaumbele vya taifa vigeuzwe na kuwekwa sawa. Alieleza kwamba siku ileile Rais Nixon alipotangaza kuwa nchi haiwezi kuwa salama bila mfumo wa kuzuia makombora, mpango wa Head Start wa watoto wadogo ulipunguzwa jijini Washington kwa kukosa fedha. Angalia alichokishika. Mbunge haamrishi jeshi, lakini Katiba ya Marekani haimruhusu Rais kutumia senti ambayo Bunge halijaidhinisha. Kwa hiyo msimamo wake kuhusu vita aliuweka kwenye bajeti, mahali ambapo kura yake ilikuwa na uzito wa kisheria. Peke yake haikuzuia chochote mwaka 1969. Miaka minne baadaye, 1973, Bunge lilitumia nyenzo hiyohiyo kukataza fedha za operesheni za kijeshi Indochina, yaani Vietnam na majirani zake. Mgombea anayekwambia atamaliza vita, muulize kuhusu miswada ya matumizi ya ulinzi, kisha usikilize kama anakuelewa.

Nyenzo ya pili ni kamati, na kwa maoni yangu ndiyo wapiga kura wanaoisahau zaidi. Chisholm alipofika, viongozi wa chama chake cha Democratic walimpangia Kamati ya Kilimo, tena kamati ndogo ya misitu na maendeleo ya vijiji. Mbunge wa Brooklyn! Spika John McCormack alimshauri awe askari mtiifu na aupokee uteuzi huo. Hakuupokea. Alisimama mbele ya wenzake na kuomba jina lake liondolewe, jambo ambalo mbunge mpya hakuthubutu kulifanya zama zile, maana vyeo vyote vilikwenda kwa waliokaa miaka mingi. Akahamishiwa Kamati ya Maveterani, naye akasema jimboni kwake kuna maveterani wengi kuliko miti.

Aliyoitaka hasa ilikuwa Kamati ya Elimu na Kazi. Aliipata 1971, na bei yake haikuwa ndogo: katika uchaguzi wa kiongozi wa wabunge wa chama chao alimpigia kura Hale Boggs wa Louisiana badala ya John Conyers, mweusi mwenzake, na Boggs akamlipa fadhila. Wapo waliomlaumu. Mimi nadhani alifanya sawa, kwa sababu bila kiti kile msimamo wake kuhusu mishahara ungebaki karatasini.

Malezi ya watoto yanaonyesha ukuta ulio nje ya uwezo wa mbunge: turufu ya Rais. Pamoja na Bella Abzug, Chisholm aliwasilisha mwaka 1971 muswada wa kuweka fedha kubwa za serikali kuu kwenye vituo vya kulelea watoto, zifike dola bilioni 10 kwa mwaka ifikapo 1975. Uliopita ni muswada mdogo zaidi wa Seneta Walter Mondale na mwenzake wa Baraza la Wawakilishi, John Brademas. Ulipita mabaraza yote mawili, na Desemba 1971 Nixon akaupigia kura ya turufu, akisema ni ghali na unadhoofisha familia. Seneti haikufikisha theluthi mbili za kuivunja turufu hiyo. Hapo mgombea alikuwa ametimiza kila kilichokuwa ndani ya uwezo wake, na bado mama wa Brooklyn hakupata kituo. Sioni haki kumhesabia mbunge ahadi hiyo kuwa ameivunja.

Marekebisho ya Katiba ya usawa wa wanawake aliyahutubia Agosti 1970. Bunge liliyapitisha 1972, yakakwama kwenye kuridhiwa na majimbo ya nchi: hadi muda ulipokwisha 1982 yaliyoridhia yalikuwa 35 kati ya 38 yaliyotakiwa.

Nibaki zaidi kwenye mishahara, maana hapa ndipo alipofika mbali, na hapa ndipo habari inawagusa wasomaji wangu wengi. Sheria ya kazi ya Marekani ya 1938 iliweka kima cha chini cha mshahara na malipo ya ovataimu, lakini wafanyakazi wa majumbani hawakufikiwa, na wale wa mashambani wakaachwa nje. Kusini mwa nchi hao walikuwa hasa watu weusi, na wabunge wa Kusini walihakikisha mambo yanabaki hivyo. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha muswada wa kuwaingiza watumishi wa nyumbani, Nixon akaupigia turufu, na kura za kuivunja hazikutosha.

Kura za kujazia zingetoka wapi? Kutoka kwa walewale wa Kusini. Mwaka 1972, wote wawili wakiwania kuteuliwa na Democratic kugombea urais, Chisholm alikwenda hospitalini kumjulia hali George Wallace, gavana wa Alabama aliyekuwa sura ya ubaguzi wa rangi, baada ya kupigwa risasi. Wafuasi wa Chisholm walikasirika sana. Kwa kauli yake mwenyewe, alipohitaji kura za Kusini kwa ajili ya mishahara ya watumishi wa nyumbani, Wallace ndiye aliyemsaidia kuzipata. Aprili 1974 Nixon alitia saini, na kazi ya aina ile aliyoifanya mama yake Chisholm ikaingia chini ya kima cha chini cha mshahara.

Lakini soma sheria hiyo mpaka mwisho. Marekebisho yaleyale ya 1974 yaliwaacha nje wanaokaa na wazee na wagonjwa wasioweza kujihudumia, na anayelala kwenye nyumba anayofanyia kazi akanyimwa ovataimu. Yeyote mwenye dada au shangazi anayetunza wazee majumbani huko Marekani anajua ninazungumzia nini. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba hata mhudumu aliyeajiriwa na kampuni angeweza kunyimwa malipo hayo. Wizara ya Kazi ilitoa kanuni mpya 2013, ikaanza kutumika 2015 baada ya vuta nikuvute mahakamani, na wahudumu wa kampuni wakaanza kulindwa. Julai 2025 wizara hiyohiyo ilipendekeza kuirudisha kanuni ya zamani.

Kanuni huandikwa na wizara, na wizara inaweza kuifuta. Msamaha wenyewe, yaani kuwaacha wahudumu hao nje ya ulinzi wa mishahara, uko ndani ya sheria, na sheria hubadilishwa na Bunge. Kwa hiyo mgombea akifika kanisani, msikitini au kwenye mkutano wa jumuiya yenu na kusema anawajali wanaotunza wazee, muulizeni kama ataunga mkono muswada wa kuufuta msamaha wa 1974, kama ataomba kiti katika kamati ya elimu na kazi, na ni wabunge gani wa chama kingine anaoweza kuzungumza nao kuhusu jambo hilo. Muulizeni pia, kama alikuwa diwani au mbunge wa jimbo kabla ya hapo, aliwahi kuwafanyia nini wafanyakazi hao.