Kijicho Baharini: Vita vya Miungu Kwenye Bamba la Shaba

Ukipata nafasi ya kuitazama picha ya Andrea Mantegna, msanii wa Italia, iitwayo Vita vya Miungu wa Bahari, anza na kikongwe aliye upande wa kushoto. Amekonda hadi mifupa inaonekana, na mkononi ameshika kibao chenye herufi tano: INVID. Ndio mwanzo wa neno la Kilatini invidia, yaani husuda. Asili yake ni kitenzi cha kumtazama mtu kwa jicho baya, ndiyo maana mimi hupenda kulitafsiri kwa neno letu kijicho. Warumi na Waswahili waliuona ugonjwa huu mahali pamoja.

Kumzunguka kikongwe huyo, viumbe wa bahari wanapigana. Usiwaite nguva. Hawa ni madume yenye misuli, wengine wamepanda farasi wenye mikia ya samaki, wengine wao wenyewe ni mtu kiunoni kwenda juu na samaki kwenda chini. Silaha zao? Mitungo ya samaki! Mmoja ameuinua wake juu ya kichwa, tayari kumcharaza mwenzake. Na Neptuni, bwana wa bahari ambaye angeweza kuwaamua, ni sanamu tu juu ya nguzo, tena amewapa mgongo.

Mantegna alikuwa mchoraji wa watawala wa Mantua, mji wa Italia, ukoo wa Gonzaga, tangu 1460. Picha hii ya karne ya 15 ilichongwa kwenye mabamba mawili ya shaba. Karatasi zake mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu huwa msafara mmoja mrefu, mfano wa nakshi za majeneza ya mawe ya Warumi wa kale, ambazo Mantegna alizipenda mno.

Kazi yenyewe ni ya subira. Fundi husukuma kalamu ya chuma yenye ncha kali, na shaba hutoka mbele yake kama uzi uliojikunja. Akitaka mstari upinde, huzungusha bamba. Kisha wino hushindiliwa ndani ya mifereji, uso wa bamba hufutwa hadi ung'ae, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake kwa nguvu hadi iufyonze wino. Bamba moja hutoa nakala nyingi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mwaka 1475 mchongaji mmoja, Simone Ardizoni, alimwandikia mtawala wa Mantua, Ludovico Gonzaga, akilalamika kwamba Mantegna alituma kundi la watu wenye silaha wamshambulie kwa sababu yeye Simone alimsaidia fundi mwenzake, Zoan Andrea, kuchonga upya mabamba ya Zoan. Ninapokumbuka barua hiyo, kile kibao cha kikongwe hunigusa zaidi.

Nakala zilivuka milima ya Alpi. Mwaka 1494 Albrecht Dürer, msanii kijana wa Nuremberg, Ujerumani, aliuchora kwa kalamu ya wino upande wa kulia wa vita hivyo. Mchoro huo uko Albertina, jumba la makumbusho la Vienna. Angalia vivuli. Mantegna aliviweka kwa mistari iliyonyooka, yote ikiinamia upande mmoja. Dürer alifuata miili ile ile, lakini mistari yake inapinda na kukatizana juu ya bega na paja, hata ngozi ikapata uvimbe na joto.

Mnamo 1498 hivi alichonga bamba lake mwenyewe. Mzee wa bahari mwenye ndevu, magamba na pembe kichwani anaogelea na mwanamke aliyejilaza mgongoni pake kwa utulivu wa ajabu, kana kwamba yuko kitandani kwake. Ngao ya mzee huyo ni gamba la kasa. Nyuma yao wenzake mwanamke wanahangaika kutoka majini, na mtu mwenye kilemba anakimbilia ufukweni mikono juu. Ili kuieleza picha hii, wasomi wamependekeza hekaya kadhaa za Wagiriki na Warumi. Dürer mwenyewe, katika kumbukumbu za safari yake ya Uholanzi ya 1520 na 1521, aliiita Meerwunder tu: ajabu la bahari.