JavaScript inajua kujumlisha shilingi zetu

Juma lililopita nililetewa ripoti ya kijana aliyetumwa kukagua mfumo wa kompyuta wa kikundi cha akiba na mikopo karibu na Mbale, hapa Uganda. Mwanachama mmoja alikuwa ameweka shilingi 5,000 na baadaye 2,000, na skrini ya mweka hazina ikaonyesha kuwa ana akiba ya shilingi 50,002,000. Ripoti yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja, na hitimisho lake ni kwamba JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa za mtandao na iliyotumika kuandika mfumo huo, haijui kuhesabu, kwa hiyo mfumo wote uandikwe upya kwa lugha nyingine. Maneno hayo nimeyasikia katika mafunzo Kampala, nimeyasikia kwa wahasibu wa Jinja, na kila mara nimeyajibu kwa dakika mbili nikidhani yamekwisha. Safari hii mweka hazina mwenyewe, mama wa makamo, alinipigia simu na kuniuliza: "Mwanangu, mbona mashine imebandika elfu tano na elfu mbili ubavu kwa ubavu badala ya kuzijumlisha?" Mama huyo, ambaye hajawahi kuandika mstari hata mmoja wa programu, alikuwa ameliona tatizo ambalo mkaguzi hakuliona. Namjibu yeye na kijana yule kwa pamoja.

Kisanduku cha fomu ndani ya kivinjari hurudisha maandishi kila mara, hata kikiwa kimetangazwa kuwa cha namba. Maandishi "5000" yakikutana na maandishi "2000" na katikati yao pana alama ya kujumlisha, lugha huyaunganisha, kwa sababu alama hiyo imepewa kazi mbili, ya kujumlisha namba na ya kuunganisha maandishi. Matokeo ni "50002000". Lugha haikukosea hesabu, kwa kuwa haikupewa hesabu ya kufanya.

Kinacholificha kosa hili ni kwamba alama ya kutoa ina kazi moja tu. Ukitoa "2000" kutoka kwa "5000" utapata 3000, namba halisi kabisa, kwa kuwa hakuna maana ya kutoa maandishi kwenye maandishi, na hivyo lugha huyageuza kwanza yawe namba. Kuzidisha na kugawa nako ni vivyo hivyo. Mwandishi wa mfumo anaweza kujaribu kutoa akiba, kukokotoa riba na kugawa faida, akaona kila kitu kiko sawa, akaenda kulala kwa amani, ilhali kujumlisha michango, yaani kazi ambayo kikundi hufanya kila mkutano, hakukuwahi kuwa sawa tangu siku ya kwanza.

Sasa nifike kwenye ushauri ulioandikwa mwishoni mwa ripoti, ambao ndio hasa ulionifanya nikae niandike: kwamba hadi mfumo mpya utakapopatikana, kila mahali palipo na alama mbili za usawa (==), zinazouliza kama vitu viwili ni sawa, ziwekwe tatu (===), zinazouliza hivyo bila kugeuza aina ya data, na msimbo, yaani maandishi ya programu, utakuwa salama. Mimi mwenyewe natumia === siku zote. Alama mbili zina kanuni ambazo hakuna mtu anayepaswa kuzibeba kichwani: maandishi matupu ni sawa na 0, maandishi "0" ni sawa na 0, lakini maandishi matupu na maandishi "0" si sawa. Hata hivyo, alama tatu imegeuzwa hirizi. Watu huivaa kisha hawaangalii tena wanakokanyaga. Alama ya kujumlisha haina ndugu yake mkali. Alama ya "ndogo kuliko" nayo haina, na maandishi "10" huhesabiwa kuwa madogo kuliko maandishi "9", kwa kuwa yanapangwa kama maneno ya kamusi. Fanksheni (kipande cha programu chenye kazi yake maalumu) ya kupanga orodha, ukiiita bila kuipa njia ya kulinganisha, hupanga hata namba halisi kama maandishi, kwa hiyo 5000, 20000 na 100000 zitatoka zikiwa 100000, 20000, 5000. Katika mambo yote hayo === haina la kusema.

Kuna baya zaidi, ambalo sijaliona likisisitizwa vya kutosha. Ukilinganisha maandishi "5000" na namba 5000 kwa alama tatu, utajibiwa kuwa si sawa, na programu itaendelea kimya kupitia njia ya "si sawa". Nimeona mwanachama akiambiwa kuwa hayumo kwenye daftari, kwa sababu tu namba yake ya uanachama ilikuja kutoka kwenye fomu kama maandishi na kwenye hifadhidata ilikuwa namba. Alama tatu ilifanya kazi yake barabara, na mtu akarudishwa nyumbani bila mkopo. Usalama hauko kwenye ulinganishaji. Uko mlangoni, pale data inapoingia: ijulikane mara moja ni ya aina gani, igeuzwe mara moja, na baada ya hapo pasiwe na mahali popote ndani ya programu panapobahatisha.

Hata kugeuza kwenyewe kuna mitego, na kwetu Uganda mitego hiyo iko wazi kwa sababu sisi huandika 5,000 tukiweka alama ya mkato baada ya elfu. Wengi hutumia parseInt. Fanksheni hiyo husoma tarakimu hadi inapokutana na kitu isichokijua, kisha hurudisha ilichokwisha kusoma bila kulalamika. Ukiipa "5,000" itakurudishia 5. Elfu tano za mama wa sokoni zimekuwa shilingi tano, na hakuna taa iliyowaka. Fanksheni ya Number ni kali zaidi, nayo hurudisha NaN, yaani alama ya kitu kisicho namba. Lakini Number huyageuza maandishi matupu kuwa 0, na mtu aliyesahau kujaza kiasi anaandikwa kuwa amechangia sifuri. NaN nayo ikiingia kwenye jumla hula jumla yote. Ikitumwa kwenda kwenye seva kwa JSON, muundo wa maandishi wa kusafirishia data, huandikwa null, yaani "hakuna kitu", na upande wa pili, mtu akiipitisha null hiyo kwenye Number, inakuwa 0. Hatua tatu, kila moja ikifuata kanuni zake, na mchango umetoweka bila kosa hata moja kuandikwa popote.

Kwa hiyo naandika fanksheni moja ya kusoma kiasi, na mfumo mzima hauna njia nyingine ya kupokea fedha. Hupokea maandishi, huondoa nafasi za pembeni, huhakikisha kuwa kilichobaki ni tarakimu tupu au tarakimu zenye mkato kila baada ya tatu, huondoa mikato, hugeuza kwa Number, huuliza kama ni namba kamili iliyo salama, na kisichofuzu hukataliwa kwa sauti, kwa ujumbe unaotaja kile kilichoandikwa. Namba za simu hazipiti hapo kamwe. Namba ya simu si namba ya hesabu, na ukiigeuza utaipoteza sifuri ya mwanzo ya 07.

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Ni kweli kwamba 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Python na Java zinakupa jibu hilo hilo, kwa kuwa zote hutumia kanuni ya IEEE 754 ya namba za desimali za biti 64, ambayo haiwezi kuandika moja ya kumi kwa usahihi, kama vile sisi tusivyoweza kuandika theluthi moja kwa desimali bila kukata mahali. Namba kamili hazina tatizo hilo hadi 9,007,199,254,740,991. Bajeti ya Uganda ya mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa takribani shilingi trilioni 72, na ungeweza kuijumlisha bajeti hiyo zaidi ya mara mia moja kabla ya kufika kwenye ukomo huo. Shilingi yetu haitumii senti. Sisi, kuliko watu wengi, hatuna sababu ya kuingiza desimali kwenye fedha.

Desimali huingia kwa mlango wa riba. Chukua mkopo wa 100,000 wenye riba ya asilimia 10 na uzidishe kwa 1.1: jibu ni 110000.00000000001. Mkia huo hauna madhara hadi mtu aukuze kwenda juu kwa Math.ceil, fanksheni inayopandisha hadi namba kamili inayofuata, kama mifumo mingi ya mikopo inavyofanya, na mkopaji anadaiwa 110,001. Zidisha kwa 110 kisha gawa kwa 100, na utapata 110,000 kamili.

Kugawa faida ndiko kunakonisumbua bado. Gawa 1,000,000 kwa wanachama 23: kila mmoja anapata 43,478, na zinabaki shilingi 6. Hakuna lugha itakayokuambia shilingi hizo ni za nani. Kwa miaka kadhaa nilizigawa moja moja kwa wanachama sita wa kwanza kwenye orodha, hadi nilipotambua kuwa orodha ilipangwa kwa majina na kwamba walewale walikuwa wakizipata kila mwaka. Sasa naziweka kwenye akiba ya kikundi na kuziandika waziwazi, ila sijui kama nina haki ya kuamua hivyo bila kuwauliza wanachama.

Mengine nayataja kwa haraka. Brendan Eich aliandika toleo la kwanza la lugha hii kwa siku kumi mwaka 1995, na makosa ya siku hizo hayawezi kufutwa, kwa kuwa kurasa za zamani lazima ziendelee kufunguka. Lakini yanaweza kuachwa. Tumia moduli, yaani mafaili ya programu yanayoitana kwa import, ambazo bila kuombwa hufuata sheria kali (strict mode) zilizoletwa mwaka 2009. Unapoipa thamani jina, tumia const, na let pale thamani inapobadilika kweli, na usiguse var, njia ya zamani. Usitumie || kuweka kiasi cha kawaida pale mtu asipojaza, kwa sababu aliyechangia 0 atahesabiwa kuwa hakujaza na atapewa kiasi cha kawaida. Tumia ??, iliyoingia mwaka 2020, ambayo huiacha 0 ilivyo. Usichukue tarehe ya muamala kutoka kwa toISOString, maana hutumia saa ya dunia (UTC), iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na kila muamala wa Kampala kati ya saa sita na saa tisa usiku utaandikwa kuwa wa jana yake.

TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa aina za data, husaidia sana ndani ya nyumba, lakini aina zake hufutwa kabla ya programu kuendeshwa. Ukiiambia kwamba data ya seva ina namba, inakuamini. Haiendi kutazama.

Mfumo wa Mbale haukuandikwa upya. Tulibadilisha fanksheni moja na mistari iliyokuwa ikiipita pembeni, tukaandika majaribio ya kila namna ya kiasi tuliyoikuta kwenye daftari la karatasi. Mama mweka hazina ndiye aliyenisomea, ukurasa kwa ukurasa, na humo tulikuta pia "5.000", kwa nukta, kama wanavyoandika baadhi ya wafanyabiashara wanaotoka upande wa Kongo. Number ingesoma hiyo kuwa 5. Kwa sasa fanksheni inaikataa na kumwomba mtu aandike upya, naye mama analalamika kwamba foleni inasimama siku ya soko. Nimemwomba muda hadi mkutano ujao, kwa sababu nikiikubali nukta kuwa ya maelfu, sitakuwa na njia ya kumtambua aliyekusudia shilingi tano.