Wakubwa kupeana mkono sio kesi kufutwa

Siku hizi malalamiko ya voisi za WhatsApp yamezidi hapa ofisini kwetu Mombasa, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC), maneno ni yaleyale, madoadoa (yaani watu wa makabila mengine), wabara waende kwao, na aliyetuma voisi akiitwa anasema ati si wakubwa walishapeana mkono, yale yameisha. Hayajaisha, ndugu yangu. Mkataba wa 28 Februari 2008, ule Kibaki na Raila walitia saini mbele ya Kofi Annan, ulisimamisha vita vya baada ya uchaguzi wa 2007 vilivyoua watu zaidi ya 1,100 lakini haukumfutia mtu kosa. Na nyinyi mnaotupigia mfano wa Afrika Kusini kila siku, kule watu 7,112 waliomba msamaha kwa Tume ya Ukweli na Maridhiano baada ya ubaguzi wa rangi, waliopewa ni 849, na sharti lilikuwa useme yote uliyofanya.

Sasa sheria, na hapa tusomane polepole. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, cha matamshi ya chuki, ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au jela isiyozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 62, cha dharau ya kikabila, faini hiyohiyo lakini jela inafika miaka 5. Kile cha 13 kinataja na kusambaza, kwa hivyo "mimi nilifowadi tu" sio utetezi, tumechoka kuisikia.

Watu wa Likoni hapa Mombasa hawahitaji kuelezwa. Kabla kituo cha polisi kuvamiwa Agosti 1997 na nyumba kuchomwa, vilitangulia vikaratasi vya kuambia watu wa bara wahame. Voisi yako ni kikaratasi kilekile, tena hiki kinafika Kisauni kabla chai haijapoa.

Mlalamishi naye asituletee skrinshoti iliyokatwa nusu. Usifute kitu, njoo na simu yenyewe, manake korti inataka cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinachoeleza ushahidi umetolewa kwenye kifaa gani na vipi. Sisi tunachunguza, kushtaki anaamua mkurugenzi wa mashtaka ya umma, kwa hivyo msitupigie simu kuuliza mbona fulani hajafungwa.

Kupatanisha pia ni kazi yetu kisheria. Ila tunaanza kwa kumuuliza aliyetukanwa kama yuko tayari, sio aliyetukana kuja na kreti ya soda akisema tusahau.